Namba ya Gari Ndiyo Risiti: Kuegesha Thika na Ruiru Bila Pesa Taslimu

Jumamosi asubuhi katikati ya Thika, nafasi ya kuegesha haipatikani kirahisi. Dereva hupita Kenyatta Highway polepole, jicho moja kwenye taa za breki za walio mbele, jingine likimsaka mtu yeyote anayetembea na funguo mkononi. Akibahatika kupata pengo kati ya pikapu iliyojaa magunia ya vitunguu na tuktuk inayongoja abiria, hajazima hata injini, kioo kinagongwa. Zamani mgongaji angenyoosha kiganja. Siku hizi anainama kusoma namba ya gari, anabofya mashine yake ya mkononi na kuuliza neno moja tu: "Umelipa?"

Jibu la swali hilo haliko mfukoni tena. Liko ndani ya mtambo ambao dereva hauoni, na mhudumu aliyesimama dirishani anaona sehemu yake ndogo tu. Ilipokuwa tiketi ya karatasi nyuma ya kioo, kila mpita njia angeweza kushuhudia kwamba mwenye gari amelipa. Sasa pesa hutoka kwenye simu ikaingia kwenye akaunti ya kaunti kimyakimya, na kati ya simu na akaunti kuna tarakimu ambazo mtu mwenye haraka huzikosea kila siku. Mwongozo huu unahusu tarakimu hizo, watu wanaozisimamia, na njia za kufika katikati ya mji bila kujiharibia siku, hata kama maana yake ni gari kubaki nyumbani.

Anayedai ni nani

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka usafiri wa kaunti, taa za barabarani, magari na maegesho yake mikononi mwa serikali za kaunti. Thika na Ruiru ni manispaa mbili za Kaunti ya Kiambu. Kwa hivyo ada ya kuegesha kandokando ya barabara za mji hutozwa na kaunti, na kiasi chake huandikwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti inayopitishwa na bunge la kaunti mjini Kiambu. Mhudumu hawezi kupandisha wala kushusha kiasi hicho kwa hiari yake.

Hapa pana jambo ambalo madereva wengi hulipuuza. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 huwapa madiwani hadi siku 90 baada ya kupitisha matumizi ya mwaka ndipo wapitishe Mswada wa Fedha. Matokeo yake, ada mpya huweza kumkuta dereva Septemba au Oktoba, wakati anadhani mwaka umeshatulia. Anayelipa kiasi cha mwaka jana kwa mazoea hulipa pungufu, na mtambo hauna habari na mazoea ya mtu. Ni vyema kusoma jedwali la ada lenyewe, ambalo hutenganisha gari dogo, pikapu, lori na matatu, au kuuliza katika afisi ya mapato ya manispaa kila inapofika robo ya mwisho ya mwaka.

Kifungu cha 207 cha Katiba nacho kinafaa kukaririwa na kila mwenye gari. Kinasema pesa zote zinazokusanywa kwa niaba ya serikali ya kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti. Kwa lugha ya mtaani: kanjo, yaani askari wa kaunti, akikuambia "tuma tu kwa hii namba yangu, mtambo uko chini," hujalipa maegesho. Umemtumia mtu pesa. Ukifungiwa gurudumu saa moja baadaye, jina la mtu binafsi kwenye ujumbe wako halitakusaidia kitu, na pengine litakuweka pabaya, kwa kuwa Sheria ya Hongo ya 2016 humtia hatiani mtoaji kama inavyomtia mpokeaji.

Wanaoshinda njiani kati ya Ruiru na Nairobi wakumbuke pia mpaka. Githurai 45 iko Kiambu, Githurai 44 ng'ambo ya barabara iko Nairobi. Ni mwendo wa kuvuka daraja la miguu, lakini ni kaunti mbili, hazina mbili na mitambo miwili. Aliyelipa Ruiru asubuhi akaenda kuegesha katikati ya Nairobi mchana atalipa tena, na halalamiki kwa yeyote.

Kulipa bila kukosea

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni huduma ya kaunti yenyewe, kupitia programu ya simu au msimbo mfupi unaoanza kwa nyota na kuishia kwa reli, ambapo dereva huchagua maegesho, aina ya gari na mahali, kisha mtambo humtajia kiasi. Wa pili ni kuingia Lipa na M-Pesa moja kwa moja, kuchagua Paybill na kujaza nambari ya biashara, akaunti, kiasi na nambari ya siri. Mlango wa kwanza ni bora kwa mgeni, sababu mtambo ndio unaokokotoa ada. Msimbo mfupi hauhitaji intaneti na hufanya kazi kwenye simu ndogo ya kabambe, kwa hivyo asiwepo mzee wa kutoka Gatundu anayeambiwa kwamba bila simu ya kugusa hawezi kuegesha Thika.

Kwa nini mwongozo huu hauchapishi nambari yenyewe ya Paybill? Nairobi inatosha kuwa fundisho. Mwaka 2014 jiji hilo lilianza kukusanya ada kupitia JamboPay. Mkataba huo ukafika mwisho mwaka 2019, na mwaka 2020 Mamlaka ya Ushuru ya Kenya ikapewa kazi ya kukusanya mapato ya jiji. Kila mtambo ulipobadilika, madereva waliohifadhi nambari za zamani kwenye simu zao ilibidi waanze upya. Nambari iliyochapishwa kwenye gazeti hukaa kwenye droo miaka mitatu, kisha siku moja mtu huitumia. Nambari ya kutegemea ni ile iliyo kwenye mabango na tovuti ya kaunti leo, au iliyo kwenye kitambulisho na mashine ya mhudumu, na hata hiyo ithibitishwe kwa jina la mpokeaji kabla ya kubonyeza siri. Kibandiko kilichobandikwa juu ya kingine kwenye nguzo ya taa si cha kuaminiwa. Kukibandika hugharimu shilingi chache na usiku mmoja.

Sasa twende kwenye kosa lenyewe, linalowafungisha magari watu waliolipa kwa nia njema.

Katika malipo ya maegesho, akaunti ni namba ya gari. Mtambo haujui jina la dereva wala hauna haja nalo. Unachokijua ni zile herufi na tarakimu saba. Gari la kawaida la Kenya lina herufi tatu, tarakimu tatu, kisha herufi moja. Ukishika mpangilio huo huwezi kuchanganya sifuri na herufi O, wala moja na herufi I: nafasi ya nne, ya tano na ya sita daima ni tarakimu, na nafasi nyingine zote ni herufi. Pikipiki zina herufi nne mbele badala ya tatu. Jaza namba bila kuacha nafasi katikati, bila nukta na bila kistari, isipokuwa mtambo wenyewe ukuelekeze vingine. Herufi ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi, labda kwa sababu watu huyakumbuka magari yao kwa tarakimu. Anayeendesha gari la kuazima au la kukodi ashuke aisome kibaoni. Asijaze kwa kukumbuka.

Baada ya kubonyeza nambari ya siri, subiri kabla ya kufunga mlango. Ujumbe wa M-Pesa utataja kiasi, jina la aliyepokea, akaunti iliyojazwa, tarehe na saa, na mwanzoni msimbo wa muamala. Soma sehemu ya akaunti herufi kwa herufi huku ukitazama kibao cha gari. Kazi hiyo huchukua sekunde tano. Kisha pengine utafika ujumbe wa pili kutoka kwenye mtambo wa maegesho. Wa kwanza unasema pesa imetoka kwako. Wa pili unasema gari limetambuliwa. Ukiupata wa kwanza peke yake, muite mhudumu aliye karibu aibonyeze namba ya gari mbele yako. Likitokea limelipiwa, nenda sokoni kwa amani.

Kuna faida moja ya mfumo huu ambayo haisifiwi vya kutosha. Kwa kuwa akaunti ni gari, yeyote anaweza kulipa kutoka popote. Mama aliye kwenye foleni ya Hospitali ya Thika Level 5, simu ikiwa imeishiwa chaji, anaweza kuomba simu ya jirani kwenye benchi, ampigie mwanawe aliye Ngoingwa, na gari likalipiwa kabla hajaitwa kwa daktari. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mwenye pikapu tatu hulipa zote asubuhi akinywa chai, na jioni taarifa ya M-Pesa inampa hesabu ya mwezi tayari imeandikwa. Kwa anayeingia mjini kila siku ya kazi, ni busara kupiga hesabu ya tiketi ya mwezi kama jedwali la ada linayo: hugharimu zaidi siku moja, lakini huondoa makosa ishirini na mawili yanayoweza kutokea.

Wateja wa Airtel Money nao wasirudi nyuma. Tangu Aprili 2022 Benki Kuu ya Kenya ilipotangaza muunganiko wa malipo ya biashara, imewezekana kulipa Till ya M-Pesa kutoka mtandao mwingine. Lakini Till na Paybill ni vitu viwili. Till haina sehemu ya akaunti, kwa hivyo haibebi namba ya gari. Ukipewa Till barabarani, uliza papo hapo: gari langu litajulikanaje? Mara nyingi Till ni ya uwanja wa kibinafsi, yule mwenye ploti aliyeizungushia mabati karibu na steji na kuweka mlinzi. Hakuna ubaya kuegesha humo, na usalama wake huenda ukazidi ule wa barabarani, ila risiti yake haifanyi kazi ukitoka langoni.

Tena kuna gharama za kutuma. Kulingana na mpango ambao mpokeaji amekubaliana na Safaricom, ada ya muamala hulipwa na mteja, na biashara, au hugawanywa. Mpango wa kugawana unaitwa Mgao. Asishangae basi anayekuta salio limepungua kwa shilingi kadhaa zaidi ya ada ya maegesho. Na kwa anayelipa kwa Fuliza, deni hilo huweza kuwa na gharama yake ya kila siku. Kuegesha kwa mkopo kunaruhusiwa, ingawa dereva anayefanya hivyo kila Jumatatu angefaa kusoma sehemu ya mwisho hapo chini.

Ukikosea, na ukifungiwa

Makosa yana aina mbili na kila moja ina dawa yake. Kama pesa imekwenda kwa mpokeaji asiye sahihi kabisa, peleka ujumbe ule wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla mpokeaji hajaitoa. Kila dakika ina thamani. Kama pesa imefika kaunti lakini kwa namba ya gari isiyo yako, usiombe irudishwe kwa 456. Mpokeaji ni sahihi, namba ya gari tu ndiyo iliyokosewa. Hapo pa kwenda ni kwa msimamizi wa maegesho au afisi ya mapato, ukiwa na msimbo wa muamala, uombe malipo yahamishiwe kwenye gari lako. Usifute ujumbe. Wala usitegemee picha yake pekee. Mhudumu aliyewahi kuonyeshwa picha za kughushi ana haki ya kutaka kuuona ndani ya orodha ya ujumbe kutoka M-Pesa.

Siku mtandao unapoanguka ni kesi nyingine. Waliokuwa na biashara tarehe 24 Aprili 2017 wanakumbuka jinsi huduma za Safaricom zilivyozimika nchi nzima, mauzo yakasimama na watu wakaanza kutafutana sarafu. Likitokea hilo ukiwa umeegesha Uhuru Street, jaribu kulipa walau mara moja ili simu ibaki na ushahidi wa saa uliyojaribu, mwonyeshe mhudumu, mwombe aandike namba ya gari na jina lake. Ukirudishiwa mtandao, lipa hata kama tayari unaondoka.

Na ukikuta gurudumu limefungwa? Kwanza usilisogeze gari. Wapo waliojaribu wakaondoka na bampa mkononi. Piga picha ya gari lilivyosimama, alama za barabarani zilizopo au zisizokuwepo, notisi iliyobandikwa kiooni, na saa. Muulize aliyefunga kitambulisho chake na kifungu cha sheria anachokitumia, kwa sauti ya kawaida. Kanjo amezoea kelele. Asichokizoea ni mtu mtulivu anayeandika. Kama ulikuwa umelipa, onyesha ujumbe, msome pamoja ile namba. Ikionekana ulikosea herufi, uwezekano wa kuelewana ni mkubwa zaidi kuliko wa aliyeanza kwa matusi.

Kama hukuwa umelipa, faini ilipwe kwa njia ileile ya kaunti na risiti itolewe. Anayetaka "kusaidiana" aripotiwe EACC, tume ya kupambana na ufisadi, simu ya bure 1551. Na anayeamini ameonewa ana silaha mbili ambazo hazitumiki vya kutosha. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inamruhusu kudai sababu za uamuzi kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu kuomba, kwa mfano, kumbukumbu za malipo ya gari lake siku ile, na afisi ina siku 21 za kujibu. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Wakili si lazima.

Hapa Kenya mwendo huanzia kwa dereva: analipa, ndipo mhudumu anakagua. Dar es Salaam mambo huanza upande wa pili. Mhudumu huingiza kwanza namba ya gari lililosimama, kisha deni hutokea kwenye mtambo likiwa na namba yake ya malipo ya serikali, ambayo mwenye gari hulipa kwa simu au benki. Mkenya anayekwenda Kariakoo na gari lake akidhani hajadaiwa kwa sababu hakugongewa kioo hupata habari baadaye. Kila mfumo una mzigo wake: ule wa Dar humwachia dereva deni asilolijua, wa Kiambu humwachia wajibu wa kutokosea. Ukilazimishwa kuchagua, wa Dar una huruma zaidi kwa mgeni, kwa kuwa namba ya gari huandikwa na mtu aliyelisimamia gari lenyewe akilitazama.

Kwa nini pesa ya simu imeshika kwenye maegesho

Serikali ya Kenya iliwahi kujaribu kuondoa pesa taslimu kwenye matatu. Kadi ya BebaPay, ya Google na Equity, ilizinduliwa mwaka 2013. Tarehe 1 Julai 2014 ikawekwa kuwa mwisho wa nauli ya mkononi. BebaPay yenyewe ikafungwa mwaka 2015. Kondakta wa njia ya Thika bado anakunja noti za hamsini kati ya vidole, ingawa naye sasa hupokea M-Pesa akiombwa. Nauli hupanda mvua ikinyesha na kushuka saa nne asubuhi, na pesa ya siku hugawanywa jioni kati ya dereva, kondakta, mwenye gari na wengine wasiotajwa. Maegesho hayana vurugu hiyo. Mpokeaji ni mmoja, bei imeandikwa, na gari likikataa kulipa linaweza kufungwa mahali lilipo. Pesa ya simu hustawi palipo na mambo hayo matatu.

Kifaa cha kwanza cha kulipia maegesho duniani, kile cha sarafu, kilisimikwa Oklahoma City, Marekani, mwezi Julai 1935, na shida kiliyotatua ingemfanya mfanyabiashara wa Thika atikise kichwa: wafanyakazi wa madukani waliegesha asubuhi mbele ya maduka yao wenyewe, wateja wakakosa pa kusimama. Ada ya siku nzima haitatui shida hiyo. Inaizidisha. Aliyelipa saa moja asubuhi amekomboa nafasi hadi jioni, na hana sababu ya kuiachia saa nne mteja wa dawa ya dakika kumi anapozunguka. Mtambo wa simu tayari unajua saa gari lilipolipiwa, kwa hivyo ada ya saa moja au mbili katika mitaa yenye msongamano, kama Commercial Street, haihitaji chombo kipya. Inahitaji uamuzi wa bunge la kaunti, na kikao cha maoni ya umma kuhusu Mswada wa Fedha ndipo mahali pa kuuomba. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 120, inaitaka kila kaunti iwe na sera ya bei za huduma zake. Watu hujaa vikao hivyo kulalamikia leseni za biashara, maegesho hayasemewi.

Je, lazima gari liingie?

Singapore ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji mwaka 1975. London ilifuata Februari 2003 kwa pauni 5, na kufikia 2020 ada ilikuwa pauni 15. Thika haimtozi mtu kwa kuingia, humtoza kwa kusimama tu. Hata hivyo anayeingia hulipa kwa njia nyingine: mafuta, muda, na roho.

Thika ina bahati ya kuwa mji uliopangwa. Mitaa yake ya katikati imenyooka, njia za miguu zinapitika sehemu nyingi, na soko la Jamhuri, benki na steji kuu vinafikika kwa miguu kutoka nafasi moja. Kanuni ya dereva mwenyeji ni kuegesha mara moja na kutembea. Kuhamisha gari kutoka mtaa hadi mtaa kwa ajili ya kila shughuli ni kuanza upya ule msako wa funguo mikononi mwa watu. Anayetoka Makongeni au Kiganjo na hana mzigo, matatu au tuktuk itamfikisha kabla ya mwenye gari kupata nafasi. Anayepitia Blue Post akielekea Murang'a au Nyeri, asiingie mjini kabisa kwa ajili ya chakula. Hoteli hiyo iliyoanza mwaka 1908 kati ya maporomoko ya Chania na Thika ina uwanja wake.

Ruiru ni hadithi tofauti. Sensa ya 2019 iliihesabia watu 490,120, Thika 251,407. Mji ambao jina lake lilijulikana kwa kahawa, hadi aina ya Ruiru 11 iliyotolewa na watafiti mwaka 1985, umekuwa mahali pa kulala pa Nairobi kwa kasi ambayo mitaa yake ya zamani haikuandaliwa. Katikati yake ni padogo, na magari yanayotoka Kimbo, Membley na Kamakis yote yanataka kupita humo. Mtu mwenye shughuli fupi afike kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa sita mchana, na asijaribiwe na barabara za pembeni za Thika Superhighway. Tiketi ya kaunti hailipii kusimama kwenye barabara kuu ya kitaifa. Pale hukumu ni ya polisi, na hakuna nambari ya akaunti itakayomwokoa.

Kwa anayekwenda Nairobi, treni ya abiria inayotoka Ruiru ikipita Kahawa na Githurai bado ni njia isiyojua foleni, ingawa ratiba yake humfaa zaidi mwajiriwa wa saa za afisi. Barabara yenyewe, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, iliahidiwa mabasi ya kasi. Mwaka 2019 ilichorwa mstari mwekundu wa njia ya mabasi hayo. Rangi ikaja, mabasi hayakuja. Ramani ya mamlaka ya usafiri wa Nairobi na viunga vyake, NaMATA, bado inaionyesha Ruiru kwenye njia inayoitwa Simba. Siku Simba atakapofika, Ruiru itahitaji uwanja wa kuachia magari karibu na kituo, na ardhi hiyo haipungui bei.

Limebaki la wanaonunua magari ya mkononi. Nchini Kenya, kibao hubaki na gari linapouzwa, na mtambo unaojua gari kwa kibao chake haujui kwamba mwenyewe amebadilika. Kabla ya kulipa salio la mwisho na kukubali uhamisho kwenye akaunti ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, mnunuzi aingize namba ya gari kwenye huduma ya maegesho ya kaunti ambako muuzaji alikuwa akifanya kazi, au apite afisi ya mapato akaulize kama kuna deni. Likiwepo, lilipwe na muuzaji mbele yake, na ujumbe ule utumwe kwenye simu ya mnunuzi kabla hawajapeana funguo.